Kenchi za chuma juu ya kanisa la kale

Mwongozaji wetu alichomoa bunda la funguo mfukoni, akagonga boriti iliyokuwa usawa wa kichwa chake.

Ngee! Chuma kitupu.

Tulikuwa darini, juu ya Kanisa Kuu la Cologne, sehemu ambayo anayekuja kusali hafiki wala hana habari nayo. Chini yetu migongo ya matao ya mawe, ile ambayo ukiwa ndani ya kanisa unaitazama kwa kukunja shingo, meta 43 juu ya sakafu. Juu yetu kenchi. Nilipanda kule nikiwa na picha yangu kichwani: magogo ya mwaloni yaliyochongwa kwa shoka, yamepauka kwa umri, labda na alama ya seremala fulani wa karne ya 13. Nilichokikuta ni kenchi za chuma, zimeungwa kwa ribiti, zimepakwa rangi, moja baada ya nyingine hadi jicho linapochoka. Zilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1860. Mnara wa Eiffel ulikuwa bado karibu miaka 30 kujengwa.

Wenzangu wakapiga picha, wakasogea. Mimi nikabaki nimeishika ile boriti. Ilikuwa ya baridi, na rangi imechubuka kidogo pale ambapo funguo zimezoea kugonga.

Tangu siku hiyo kuna swali halinitoki.

Hili kanisa lina umri gani?

## Jina tulilolijua redioni

Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa Cologne. Kabla Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, haijahamia Bonn mwaka 2003, idhaa yake ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1963, ilitufikia kutoka Cologne. Mawimbi mafupi, jioni, redio imewekwa dirishani ili ishike vizuri, mzee anazungusha kitufe na watoto wameambiwa kimya. Tuliujua mji kwa sikio kabla ya kuujua kwa jicho.

Kwa jicho, hauna subira nawe. Unatoka tu mlango wa stesheni kuu na kanisa limekusimamia, minara miwili ya meta 157, imechongoka, ina matundu matundu, na nyeusi. Weusi wenyewe hakuna aliyenitahadharisha. Ni mvua, moshi wa viwanda na masizi ya treni za makaa zilizopita pale chini kwa karibu miaka mia. Wenyeji wanaliita Dom, basi, kana kwamba duniani hakuna jingine.

Kadi za posta, vijitabu, watu wa hotelini: wote wanakutajia mwaka 1248. Na si uongo. Ila ni sehemu ya hesabu tu.

## Ukuta wa muda

Mwaka 1248 kulikuwa na kanisa jingine pale pale, kongwe, lililotabarukiwa mwaka 870. Wakubwa wa kanisa walitaka jipya. Walikusudia kubomoa upande wa mashariki tu, kwa kutumia moto, na moto ukawashinda. Tarehe 30 Aprili karibu kanisa zima likateketea. Tarehe 15 Agosti mwaka huo huo Askofu Mkuu Konrad von Hochstaden akaweka jiwe la msingi la kanisa jipya, na fundi mkuu wa kwanza, Gerhard, akaanza kazi akiwa ameshasoma vizuri kanisa kuu la Amiens kule Ufaransa.

Haja ya ukubwa wote ule ilikuwa ni masalia. Mwaka 1164 mifupa inayoaminika kuwa ya Mamajusi watatu ililetwa Cologne kutoka Milan, mji uliokuwa umetekwa na Kaisari Friedrich Barbarossa. Kwa lugha ya kawaida, ni nyara. Lakini nyara hizo zilivuta mahujaji kutoka kila pembe ya Ulaya, na mahujaji huja na sadaka. Sanduku la dhahabu lililotengenezewa mifupa hiyo, kazi ya Nikolaus wa Verdun na karakana yake, bado liko nyuma ya altare kuu, na watu bado wanalizunguka polepole wakiwa wamepunguza sauti.

Upande wa altare ulitabarukiwa tarehe 27 Septemba 1322. Kabla ya hapo, ili ibada iweze kufanyika bila upepo na mvua, mafundi walikuwa wameuziba upande wa magharibi kwa ukuta. Wa muda tu, mpaka sehemu iliyobaki ikamilike.

Ukuta huo ulibomolewa mwaka 1863.

Hapa Mtanzania yeyote anatabasamu, maana tunalijua jambo hili. Unamaliza vyumba viwili, unahamia, kule nyuma nondo zimesimama wima zikisubiri ghorofa, na kila Krismasi unasema mwakani. Tofauti ni kwamba nondo za Cologne zilisubiri vizazi kumi na kitu.

Mnara wa kusini ulipanda hadi zaidi kidogo ya meta 50, ukakoma. Fedha zilipungua, mahujaji wakapungua, Ulaya ikagawanyika kidini, na mwaka 1560 baraza la kanisa likaacha kutoa hela ya ujenzi. Juu ya ule mnara ulioachwa nusu wakaiacha winchi ya mbao, ile ya kuzungushwa kwa nguvu za watu ndani ya gurudumu. Ikabaki kule. Mtu alizaliwa akaikuta, akazeeka akaiacha, mjukuu wake naye vivyo hivyo. Ikawa ndiyo alama ya mji: ukiona mchoro wa zamani wa Cologne, tafuta winchi. Iliteremshwa mwaka 1868.

Nafikiria yule fundi wa mwisho aliyeshuka kwenye mnara akiamini anakuja kesho.

## Ngozi mbili

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nisilale mapema.

Mafundi wa zama zile waliacha mchoro wa upande wa magharibi, minara yote miwili mpaka nchani, kwa wino juu ya ngozi, urefu zaidi ya meta nne. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yalipokaribia, nyaraka za kanisa zilihamishwa, na katika kuhamahama mchoro ukapotea. Kanisa lenyewe likafanywa ghala la nafaka na malisho ya farasi.

Mwaka 1814 nusu ya mchoro ikaonekana Darmstadt, kwenye dari ya nyumba ya wageni. Inasimuliwa kwamba ilikuwa ikitumika kuanikia maharage. Ikaangukia mikononi mwa msanifu Georg Moller, ambaye aliitambua ni nini. Miaka miwili baadaye nusu ya pili ikapatikana Paris, kwa juhudi za Sulpiz Boisserée, mwana wa mfanyabiashara wa Cologne ambaye alikuwa ameshaanza kulipa watu wa kulipima na kulichora lile gofu wakati wengine waliona ni mawe ya kuuza.

Sasa jaribu kufikiri. Nusu moja Darmstadt, nusu nyingine Paris, Ulaya imetoka vitani na Napoleon, na vipande hivyo viwili vinaungana ndani ya miaka miwili. Ningekuwa muumini wa ishara ningeishia hapo hapo.

Mchoro halisi umo kanisani hadi leo, katika kikanisa kimoja nyuma ya altare, ukifunikwa kwa pazia ili mwanga usiule wino. Nilichokitazama mimi kwa utulivu ni nakala yake. Niliutazama muda mrefu kuliko nilivyoitazama minara yenyewe. Ukifuata mstari mmoja kwa kidole, kuanzia mlangoni, unapanda nao dirisha, unapanda pembetatu ya juu ya dirisha, unafika kwenye mnara, na hakuna mahali unaposita. Aliyechora alijua kwamba hataona hata robo yake. Hilo halikumzuia kuchora hata ua la mwisho kule nchani.

## Mfalme Mprotestanti na kanisa la Wakatoliki

Jiwe la awamu ya pili liliwekwa tarehe 4 Septemba 1842. Aliyeliweka ni Friedrich Wilhelm wa Nne, mfalme wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, ambaye hakuwa Mkatoliki. Cologne ilikuwa imewekwa chini ya Prussia tangu mwaka 1815, na wenyeji hawakuipenda sana hali hiyo. Mfalme naye alihitaji kitu cha kuwafunga pamoja. Gofu la Cologne likawa ndicho: jengo la Kijerumani, la Wajerumani wote, litakalomalizwa na wote. (Kwamba mtindo wenyewe ulitoka Ufaransa, watu waliufumbia macho.)

Chama cha kuchangia ujenzi kikaundwa. Kikafungua matawi, kikakusanya michango, na kuanzia miaka ya 1860 kikaendesha bahati nasibu. Hazina ya serikali ikatoa sehemu yake. Hata mshairi Heinrich Heine, akiwa uhamishoni Paris, alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya huko. Kisha akageuka. Kufikia mwaka 1844 alikuwa anaandika kwamba kanisa hilo halitamalizwa kamwe, na kwamba siku itafika watu watafuga farasi ndani yake.

Heine alikosea kuhusu kumalizwa. Ila alichokinusa alikinusa sawasawa, nitakirudia.

Kazi ilisimamiwa na Ernst Friedrich Zwirner, na alipofariki mwaka 1861 akafuata Richard Voigtel. Mawe yalikuja kwa treni. Mashine za mvuke zikaingia kazini. Upande wa magharibi walifuata ile ngozi kwa adabu kubwa. Lakini kuta za mbele za mikono ya kanisa, ile miwili ya kaskazini na kusini inayolipa umbo la msalaba, hazikuwa na mchoro wowote wa kale. Hizo Zwirner alizibuni mwenyewe, kwa kukisia mafundi wa karne ya 14 wangefanyaje.

Niliposoma hilo ndipo nilipoanza kuhisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Maana nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wa kusini asubuhi nzima nikistaajabia mkono wa watu wa kale. Mkono ulikuwa wa mhandisi wa serikali ya Prussia. Mnara wa kaskazini karibu wote ni wa karne ya 19. Kenchi ni za karne ya 19. Ncha zote mbili ni za mwaka 1880.

Halafu nikakumbuka nyumbani.

Kanisa la Mkunazini, Unguja, jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, mara baada ya soko la watumwa lililokuwa pale kufungwa. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wanasali Mkunazini wakati minara ya Cologne bado ina majukwaa ya mbao. Tena Askofu Edward Steere aliliezeka kwa tao moja refu la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, jambo ambalo wengi waliamini litaporomoka. Halijaporomoka. Na hakuna mtu anayeingia Mkunazini akalalamika kwamba ametapeliwa umri.

Basi kwa nini Cologne iliniudhi?

Kwa sababu Mkunazini halijifanyi. Ukiliangalia linakuambia: mimi ni wa siku zile, nimejengwa na watu wa siku zile, kwa shida ya siku zile. Cologne lilizaliwa upya mwaka 1842 likavaa nguo za babu yake, na kuzivaa vizuri hivi kwamba wewe mgeni huwezi kuona mshono. Huo ndio ulikuwa mwiba wangu kwa wiki ya kwanza.

Ulichomolewa na mwiba mwingine.

## Sahihi mbili za mzee mmoja

Sherehe ya kumaliza ilifanyika tarehe 15 Oktoba 1880. Kwa miaka minne iliyofuata hakuna kitu kilichojengwa na binadamu kilichokuwa kirefu kuliko minara ile, mpaka Wamarekani walipokamilisha mnara wao wa Washington.

Mgeni rasmi alikuwa Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Hati ikatiwa sahihi na kufungiwa ndani ya jiwe la mwisho la mnara wa kusini. Askofu mkuu wa Cologne, Paul Melchers, hakuwepo: alikuwa amekimbilia uhamishoni kwa sababu ya ugomvi wa Bismarck, chansela wa Kaisari, na Kanisa Katoliki. Kanisa kuu linazinduliwa, mwenyewe hayupo, na Wakatoliki wengi wa mji wamejitenga na shamrashamra. Hicho ndicho nadhani Heine alikinusa. Jengo lilikuwa la Mungu, sherehe ilikuwa ya dola.

Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari huyo huyo alitia sahihi hati nyingine. Ilimpa Carl Peters na kampuni yake ulinzi wa dola kwa ardhi alizodai amepewa na machifu kwa mikataba ya miezi michache kabla: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami.

Sikwenda kanisani kutafuta Usagara. Lakini ukishaziweka tarehe hizo mbili kwenye karatasi moja huwezi kuzitenganisha tena. Sisemi minara ndiyo iliyoleta ukoloni, huo ungekuwa utani. Ninachosema ni kwamba taifa lililojikusanya kuzunguka gofu la kanisa na kuthibitisha kwamba linaweza kumaliza kilichowashinda mababu halikukaa sana kabla ya kutaka mengine. Miaka ikapita, na mwaka 1897 wamisionari wa Kijerumani wakaanza kujenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale bandarini Dar es Salaam, likaisha mwaka 1902, lina matao yaliyochongoka na mnara uliochongoka. Nimepita mbele yake maisha yangu yote nikielekea kwenye pantoni. Siku hizi nikilipita huwa natazama juu.

## Paa ambalo halikushika moto

Ningeweza kuishia kwenye hasira, na rasimu ya kwanza ya makala hii iliishia hapo. Kilichonirudisha ni zile kenchi.

Katika Vita vya Pili vya Dunia katikati ya Cologne pakageuka kifusi. Kanisa lilipigwa na mabomu makubwa 14, na mengine madogo ya moto. Baadhi ya matao ya ndani yalianguka. Lakini kanisa halikuwaka. Kenchi zilikuwa za chuma, na chuma hakikushika moto. Angekuwa Zwirner ameshikilia ukale mpaka kwenye paa, akafunga mwaloni kama nilivyotaka mimi, usiku mmoja tu ungetosha. Tuliona wote tarehe 15 Aprili 2019 jinsi paa la mwaloni la Notre-Dame ya Paris lilivyoondoka ndani ya jioni moja.

Yaani kitu kilichonifanya nione kanisa ni la bandia ndicho kilichofanya liwepo nilione.

Mwaka 1943 bomu lilimega nguzo ya kona ya mnara wa kaskazini, jeraha kubwa kiasi cha kutisha mnara mzima. Mafundi wakaliziba haraka kwa maelfu ya matofali ya kawaida, vita ikiendelea. Kwa zaidi ya nusu karne plasta ile nyekundu ilikaa pale, katikati ya mawe meusi yaliyochongwa, na wenyeji wakaizoea na hata kuipenda. Kisha ikaamuliwa ifunikwe kwa mawe yaliyochongwa upya kwa umbo la zamani, kazi ikakamilika mwaka 2005. Matofali bado yamo kwa ndani, hayaonekani tu.

Mimi ningeyaacha. Ule mnara wa kaskazini ni wa karne ya 19 ulioiga ya 13. Matofali ndiyo yaliyokuwa kauli yake ya kweli ya karne ya 20. Nilijaribu kuelewa hoja ya waliofunika, kwamba jengo lina mwili mmoja na kovu la dharura halikukusudiwa kudumu. Naielewa. Siikubali.

Hoja nyingine ambayo hainipi shida ni ya dirisha. Kwenye ule ukuta wa kusini wa Zwirner, vioo vya awali viliharibiwa na vita. Mwaka 2007 msanii Gerhard Richter aliweka dirisha jipya: zaidi ya vipande 11,000 vya mraba, rangi 72, mpangilio wake ukiwa umeachiwa kompyuta kwa sehemu kubwa. Hakuna mtakatifu, hakuna kondoo, hakuna mfalme. Kadinali Joachim Meisner, askofu mkuu wa wakati huo, alichukizwa akasema lingefaa zaidi msikitini au kwenye nyumba nyingine ya ibada. Kwa mtu aliyekulia Pwani hiyo ni sifa. Niliingia jua likiwa upande ule, sakafu imemwagika rangi, mtoto mmoja wa Kijapani anaruka kutoka kijani kwenda nyekundu na mama yake anamkataza bila nguvu. Ndilo dirisha pekee mle ndani lililokiri mwaka wake, na ndilo nililokaa nalo.

Kuhusu mawe nitapita haraka, ingawa mafundi wangenilaumu. Ya zama za kale mengi yalichimbwa Drachenfels, kilima kilicho kando ya mto Rhine kusini ya mji. Ya karne ya 19 yalitoka sehemu mbalimbali, na baadhi, hasa yale ya Schlaitdorf, yameoza vibaya kwa hewa chafu hivi kwamba sehemu mpya zinahitaji kubadilishwa. Kwa hiyo karakana ya kanisa haifungwi. Waashi, maseremala, wahunzi na mafundi wa vioo wapo kazini mwaka mzima, na jukwaa linahama kutoka kona hadi kona. Wenyeji wana msemo kwamba siku Dom litakapoisha, dunia nayo itaisha. Wanausema wakicheka, ila sijaona anayetaka jukwaa liondoke.

Kipande kilichobadilishwa mwaka jana, kwa mchoro wa mwaka 1850, ulioiga mchoro wa karibu mwaka 1300. Niambie umri wake.

Nilichoka kuuliza.

## Na Husuni Kubwa je?

Wakati maaskofu wa Cologne wanatabaruku altare mwaka 1322, Kilwa Kisiwani alikuwa anatawala Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ni zama zake ambazo msafiri Ibn Battuta alifika, mwaka 1331. Na ni yeye anayehusishwa na Husuni Kubwa, lile jumba la mawe ya matumbawe juu ya genge linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane. Waliolichimba na kulichunguza katika miaka ya 1960 walihitimisha kwamba ujenzi wake haukukamilika.

Majengo mawili ya kizazi kimoja, yote yakaachwa njiani. Moja likapata mfalme, chama na treni. Jingine likapata mibuyu na popo.

Nilimwandikia rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Kilwa Masoko, mtu wa ujenzi. Nilimweleza habari ya Cologne yote, mpaka winchi. Nikamalizia kwamba, pamoja na yote, Husuni Kubwa nisingependa limaliziwe.

"Kwa nini, ndugu yangu?" akauliza. "Wao walimaliza la kwao."

Nikajibu kwamba wao walikuwa na mchoro. Sisi hatuna ngozi yoyote kwenye dari ya nyumba ya wageni. Tungekuwa tunabuni.

"Na huyo Zwirner wako ukuta wa kusini alikuwa na mchoro?"

Nikanyamaza kwanza. Nilikuwa nimempa fimbo mwenyewe. Nikajaribu njia nyingine: kwamba gofu nalo lina haki ya kuwa gofu, kwamba likishajazwa zege na vigae hatutaweza tena kujua wapi Sultani aliishia na wapi mkandarasi alianzia, kwamba Kilwa Kisiwani imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981 kwa hali yake ilivyo. Akasoma yote. Alama mbili za buluu zikakaa muda mrefu.

Kisha akapiga simu kabisa.

"Sikiliza. Wewe unagombania kumaliza au kutomaliza. Mimi nakuuliza, leo hii, wa kuchoma chokaa ya matumbawe kwa tanuri la kuni, anayejua kuiloweka na kuiacha mpaka iive, wa kuchonga jiwe la bahari likiwa bado bichi, wamebaki wangapi? Hao Wajerumani, kabla hawajainua jiwe moja jipya, karakana ilikuwepo?"

Ilikuwepo. Karakana ya mafundi wa kanisa ilifufuliwa katika miaka ya 1820, kwa ajili ya kukarabati tu, miaka karibu 20 kabla ya mfalme kuja na jiwe lake. Walikarabati kwanza, wakajifunza jiwe upya, vijana wakapata kazi ya mikono, ndipo wakathubutu kupanda.

"Basi," akasema. "Tuanze na karakana. Kuta zile zinadondoka kila masika. Tuzishike hizo kwanza, vijana wajue chokaa. Kumaliza tutagombana baadaye, wajukuu wetu watagombana."

Kwa hilo sikuwa na ubishi. Nikamuuliza tu nani atalipa.

"Si umesema walicheza bahati nasibu?"